Dari Iliposema, Wakarudishwa Ndani



Kuna msemo tunaoutamka haraka sana misibani. Mtu kaangukiwa na ukuta, kakatwa na mashine, kafukiwa na kifusi. Tunakaa mkekani, tunapeana pole, na kabla chai haijapoa mmoja wetu atasema, "Ajali haina kinga." Wote tunaitikia kwa kichwa. Msemo huu unafariji, na mimi sijaja hapa kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Ila leo naomba tuutoe mkekani, tuushushe chini ya ardhi, kwenye mgodi wa makaa ya mawe, tuone kama huko nako unasema kweli.

Nitakupeleka Afrika Kusini, mwaka 1960, kwenye mgodi uitwao Coalbrook. Uko katika jimbo la Free State, karibu na mji wa Sasolburg, upande wa kusini wa mto Vaal. Makaa yaliyochimbwa hapo yalilisha mitambo ya umeme iliyokuwa jirani, na miaka ile Afrika Kusini ilikuwa na njaa ya umeme. Viwanda vilipanuka, miji ilikua, migodi ya dhahabu yenyewe ilikula umeme usiku na mchana. Kila tani iliyotoka Coalbrook ilikuwa na mnunuzi anayeingoja.

Kwanza tuelewane mgodi wa namna ile ukoje. Makaa ya mawe hulala ardhini kwa matabaka, kama tandiko lililolazwa katikati ya magodoro mawili ya mwamba. Wachimbaji huingia ndani ya tandiko hilo na kulikata vyumba. Katikati ya chumba na chumba huacha donge kubwa la makaa bila kuligusa, liwe nguzo. Ukisimama ndani na taa yako utaona vichochoro vinavyokatana, na nguzo nyeusi zikipangana kushoto na kulia mpaka mwanga unapoishia. Hakuna saruji pale, hakuna nondo. Kinachozuia mwamba wa juu usikutane na mwamba wa chini ni yale makaa yaliyoachwa.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanzia, msikilizaji. Kila nguzo inayobaki mgodini ni makaa ambayo hayakuuzwa. Mwenye mgodi akiitazama anaona fedha zimesimama bila kazi. Mchimbaji akiitazama anaona kinachomrudisha nyumbani kwa watoto wake. Ni nguzo ileile, inaangaliwa na macho mawili, na anayeamua upana wake ni yule asiyelala chini yake.

Coalbrook walifanya mambo mawili. Nguzo zilizoachwa zilikuwa nyembamba, na kisha, katika maeneo yaliyokwisha kuchimbwa, walirudi na kuchimba makaa ya darini. Sakafu ikabaki palepale, dari ikapanda, na nguzo zikawa ndefu bila kunenepa. Chukua donge la udongo wa mfinyanzi, pana na fupi, ulikanyage: litastahimili. Lifanye jembamba na refu, ulikanyage tena: litatoka tumbo na kupasuka. Mtoto anayecheza na udongo analijua hilo.

Na nguzo hazivunjiki moja moja. Fikiria watu wanaobeba jeneza. Mmoja magoti yakimlegea, uzito wake unahamia kwenye mabega ya waliobaki. Wakiwa na nguvu za akiba watasimama, aje mwingine ashike. Wakiwa wamefikia kikomo chao tayari, wa pili ataanguka, na wa tatu hatachelewa. Ndivyo zilivyokuwa nguzo za Coalbrook: nyingi sana, zimepangana kwa eneo kubwa, zote zimefikia kikomo.

Onyo la kwanza lilikuja tarehe 28 Desemba 1959. Sehemu moja ya mgodi ilibomoka. Ardhi ilikuwa imetamka wazi kwamba mzigo umeshinda. Kazi ikaendelea.

Alhamisi, tarehe 21 Januari 1960, mchana ukiwa unaelekea jioni, dari ikaanguka tena. Baadhi ya wachimbaji walipata hofu, wakakimbilia kwenye njia ya kutokea. Sasa nisikilize vizuri, maana habari yote ya leo imebebwa na dakika hizo. Wasimamizi waliwazuia, wakawarudisha ndani kazini.

Jioni ileile nguzo zilianza kukatika, zikakatika kwa mamia, na mwamba uliokuwa juu yake, wenye unene wa zaidi ya mita 150, ukashuka. Dari kubwa inapoanguka kwa mkupuo husukuma hewa yote iliyokuwa vyumbani, na upepo wake humwangusha mtu mzima. Makaa yakivunjika hutoa gesi ya methani iliyofungiwa ndani yake, na gesi hiyo huchukua nafasi ya hewa. Asiyekandamizwa na mwamba hukosa pumzi.

Watu 435 walibaki chini. Juu, mitambo ilitoboa mashimo kuwatafuta, na vipaza sauti vikateremshwa ili kusikiliza kama kuna anayegonga au kuita. Hakikusikika kitu. Mwishowe uokoaji ukasitishwa, na miili haikutolewa hata leo. Kwa idadi ya waliokufa, Afrika Kusini haijawahi kuwa na ajali ya mgodini kubwa kuliko hiyo.

Walikuwa akina nani? Karibu wote walikuwa Waafrika, na wengi wao walitoka nje: Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na Msumbiji. Walikuwa watu wa mkataba, wa kwenda miezi kadhaa na kurudi na blanketi, baiskeli na mahari. Wazee wetu wa Tukuyu na Kyela, hapa Tanzania, hawahitaji kuelezwa. Neno "Wenela" bado liko vinywani mwao, yaani shirika lililokuwa likiandikisha vijana wa kusini mwa Tanganyika kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka serikali yetu ilipokata njia hiyo baada ya uhuru. Waliokwenda Wenela walikwenda kwenye dhahabu, hawakwenda Coalbrook. Lakini sheria iliyowaongoza ilikuwa moja. Mwafrika mwenye mkataba akiacha kazi au akikataa amri alikuwa ametenda kosa la jinai. Badala ya kufukuzwa kazi, angeweza kufungwa.

Kwa hiyo tunaposema waliogopa wakarudishwa, tuelewe walirudishwa na nini. Mbele yao palikuwa na mwamba unaolia, na nyuma yao palikuwa na sheria. Mtu aliyesimama katikati ya viwili hivyo huwezi kusema alichagua.

Na hata kifo hakikuwasawazisha. Kwa sheria ya fidia ya wakati ule, mjane wa Mzungu aliyekufa kazini alilipwa pensheni, mwezi baada ya mwezi. Mjane wa Mwafrika alipewa fedha kidogo kwa mara moja, basi. Jaribu kumfikiria mama huyo katika milima ya Lesotho. Hana mwili wa kuzika. Hana kaburi la kupalilia. Ana noti za kuhesabu mara moja, na watoto wa kulea miaka kumi na mitano.

Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 21 Machi 1960, ng'ambo ya mto Vaal na si mbali na hapo, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakipinga sheria ya pasi, ile iliyomlazimu Mwafrika kubeba kibali kila aendako, wakaua 69. Mahali hapo panaitwa Sharpeville, na jina hilo dunia nzima inalijua. Coalbrook ni wachache wanaolikumbuka. Risasi ina mtu aliyeifyatua, na tunajua pa kuelekeza hasira. Mwamba ukianguka tunasema ni ajali, na ajali haina kinga, tunakunja mkeka.

Sasa tuuhoji ule msemo. Je, Coalbrook haikuwa na kinga?

Baada ya msiba, watafiti walipewa kazi ya kuchunguza nguvu ya nguzo. Miongoni mwao alikuwa Miklós Salamon, mhandisi mzaliwa wa Hungaria. Yeye na mwenzake Munro walikusanya taarifa za maeneo 125 ya migodi ya makaa ya Afrika Kusini: 98 ambayo nguzo zake zilikuwa bado zimesimama, na 27 ambayo zilikuwa zimeanguka. Wakalinganisha, na mwaka 1967 wakatoa kanuni ya kukokotoa nguvu ya nguzo. Kanuni hiyo inataka vipimo viwili tu: upana wa nguzo na kimo chake. Ukishapata nguvu yake, unailinganisha na uzito wa mwamba ulio juu, na unahakikisha nguvu inazidi uzito kwa kiasi cha kutosha. Kanuni hiyo ilisambaa migodini na imeokoa watu wasiohesabika.

Upana na kimo, msikilizaji! Vipimo vya kamba ya fundi. Kinga ilikuwepo muda wote ndani ya nguzo zenyewe, ila haikutafutwa kwa bidii mpaka watu 435 walipolazwa chini yake.

Mtu anaweza kuwatetea wahandisi wa Coalbrook kwamba mwaka 1960 kanuni hiyo haikuwepo, walifuata uzoefu. Utetezi huo naupokea. Lakini wale waliokimbilia mlangoni jioni ile, wao walikuwa na kanuni gani? Walikuwa na masikio. Dari ya mgodi husema kabla ya kuanguka. Hutoa mlio wa kupasuka, hudondosha vumbi na vijiwe, nguzo huanza kumeguka pembeni. Wachimbaji wa zamani, hata kule Ulaya, walipenda kuegemeza dari kwa magogo kuliko vyuma, kwa sababu mti hulia kabla ya kuvunjika. Walitaka kitu cha kuwaambia tokeni.

Hili ndilo ninalotaka ubaki nalo leo. Mahali pa hatari, wa kwanza kuisikia ajali ni mtu wa chini kabisa katika orodha ya mishahara. Ni kibarua mwenye koleo, dereva wa tipa, fundi wa mkanda, utingo. Meneja ataiona kesho kwenye karatasi, mkaguzi ataiona mwezi ujao akija, na tume ya uchunguzi itaiona baada ya mazishi. Kinga ya kwanza ya ajali ni sikio la mtu huyo, na sikio hilo halina faida kama miguu yake haina ruhusa ya kutoka.

Usidhani haya ni mambo ya ubaguzi wa rangi peke yake, yaliyokwisha pamoja nao. Tarehe 5 Aprili 2010, katika jimbo la West Virginia, Marekani, mgodi wa Upper Big Branch ulilipuka, wakafa watu 29. Wachunguzi walieleza kilichotokea: cheche kwenye mashine ya kukata makaa iliwasha methani, na vinyunyizio vya maji ambavyo vingeuzima moto huo vilikuwa vibovu. Moto ukakutana na vumbi la makaa lililoachwa kurundikana, na vumbi hilo likiwa hewani huwaka kama baruti. Wachunguzi waligundua pia kwamba mgodi ulikuwa na daftari mbili za usalama, moja ya kuwaonyesha wakaguzi na nyingine yenye hali halisi. Yaani hatari ilijulikana, iliandikwa kwa mkono, ikafichwa. Mkuu wa kampuni iliyomiliki mgodi, Don Blankenship, alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kula njama ya kuvunja kanuni za usalama migodini. Kifungo chake kilikuwa mwaka mmoja.

Miaka minne baada ya mlipuko huo, tarehe 13 Mei 2014, moto ulizuka katika mgodi wa makaa wa Soma nchini Uturuki. Hewa ya sumu ikajaa vichochoroni, wakafa watu 301. Wiki mbili tu kabla, bunge la nchi hiyo lilikuwa limeletewa hoja ya kuichunguza migodi ya Soma, na wengi wakaikataa. Waziri mkuu wa wakati huo, Recep Tayyip Erdoğan, alipofika Soma alisema mambo kama hayo yamo katika asili ya kazi hiyo, akataja ajali za migodi ya Uingereza ya karne ya kumi na tisa. Unasikia? Ni ule ule "ajali haina kinga," umesemwa kwa Kituruki, na umesemwa na aliyekuwa na uwezo wa kuweka kinga.

Na tusiangalie maiti peke yake. Msiba mkubwa hutangazwa redioni, lakini mgodi hula watu kidogo kidogo pia. Kidole hubanwa kwenye mkanda unaobeba makaa. Mgongo huteguka kwa kuinama miaka ishirini. Masikio huziba kwa kelele za mashine. Vumbi huingia mapafuni, hukaa humo, na mtu aliyekuwa akibeba magunia anafika umri wa miaka hamsini hawezi kupanda ngazi bila kusimama mara tatu. Wachimbaji huuita ugonjwa huo mapafu meusi, na hauna tiba. Majeraha haya madogo mara nyingi hayaandikwi popote. Kibarua akiripoti anaogopa kesho hataitwa. Msimamizi akiripoti anaogopa zamu yake itaonekana mbaya. Basi kidole kinafungwa kitambaa, kazi inaendelea. Na kila jeraha dogo lisiloandikwa ni mlio wa dari ambao mtu kaamua kutousikia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mgodini hakuna nafasi ya kujenga ukuta, maana waliokwenda na ufa huo hawarudi kuujenga.

Turudi nyumbani. Tanzania nayo ina makaa ya mawe: Kiwira kule Songwe, Mchuchuma wilayani Ludewa, na Ngaka wilayani Mbinga, ambako uchimbaji umeshamiri. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, wanunuzi wa nje waliyagombea makaa yetu, na malori yakayateremsha kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara. Hilo ni jema. Ni ajira, ni kodi, ni fedha za kigeni. Lakini ni ile njaa ileile niliyokueleza, ya kila tani kuwa na mnunuzi anayeingoja, na njaa hiyo ina tabia ya kuziba masikio.

Uchimbaji wa Ngaka ni wa shimo la wazi, hakuna dari. Lakini kuta za shimo nazo husema, hutoa nyufa na kumwaga vijiwe kabla ya kuporomoka. Breki za lori husema. Dereva aliyekesha siku mbili macho yake husema. Sheria tunazo: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyozaa mfuko ambao mwajiri ndiye anayeuchangia na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mjane wa leo hapaswi kuondoka na bahasha ya mara moja kama yule wa Lesotho. Ewe mfanyakazi, muulize mwajiri wako kama amekuandikisha. Ukiumia, hata kidogo, hakikisha imeandikwa. Jeraha lisiloandikwa halina fidia.

Na ipo haki nyingine iliyo juu ya fidia, kwa sababu fidia huja baada ya damu. Mwaka 1995 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 176 juu ya usalama migodini. Ndani yake imo haki hii: mchimbaji akiona kwa sababu ya msingi kwamba mahali alipo pana hatari kubwa kwa usalama au afya yake, ana haki ya kuondoka. Afrika Kusini yenyewe, baada ya ubaguzi kuanguka, iliiweka haki hiyo katika sheria yake ya migodi ya mwaka 1996. Ilichukua miaka 36 tangu Coalbrook kuandika sentensi ambayo wale wachimbaji walikuwa tayari wameitamka kwa miguu yao.

Nawaomba basi wenye migodi, mameneja na wanyapara wetu. Kijana akitoka shimoni akakwambia, "Mzee, pale juu sipaamini," usitazame saa, usimhesabie tani, usimwite mvivu. Mshukuru. Nenda naye ukatazame. Ukikuta hakuna kitu umepoteza nusu saa. Nanyi ndugu zangu vibarua, mwenzenu akisema twendeni, tokeni pamoja naye, msimwache asimame peke yake mbele ya bosi. Nanyi mliobaki nyumbani, mtakapokaa tena mkekani kwa msiba wa kazini, pokeeni pole zote, ombeni dua zote, kisha ulizeni: dari ilisema lini, nani aliisikia, na nani aliambiwa arudi ndani?

Wale 435 bado wako chini ya ardhi ya Coalbrook. Baadhi yao walikuwa wameshafika mlangoni.